Viatu Visivyogusa Chini

Mama yake alimwita Kiguu tangu alipoanza kusimama dede, na jina likamganda kuliko lile la cheti. "Huyu ni kiguu na njia," aliwaambia majirani. "Hata tumboni hakutulia. Nikilala upande huu, yeye anahamia ule."

Majirani walicheka, lakini mama hakutia chumvi. Msichana aliacha shule darasa la tano, si kwa ujinga, ila dawati lilimchoma. Akapelekwa kwenye tanuri la mikate, akatoroka. Akapewa nguo za watu afue, akadumu mpaka zilipokauka. Na maneno pia hakujaliwa. Mgeni akimsemesha, alitazama vidole vyake vya miguu, na vidole vyenyewe vilikuwa vinacheza.

Siku watembeaji walipopita, alikuwa anafagia mlangoni mwa saluni, kazi yake ya karibuni. Wakaja kando ya barabara kwa mstari, fulana zao nyeupe zimekuwa rangi ya vumbi, mgongoni zimeandikwa MWACHENI AZALIWE. Aliyetangulia alikuwa amevaa shingoni viatu vya mtoto mchanga, vya kufuma kwa uzi mwekundu, vimening'inia kifuani kwa kamba. Kiguu akauliza, kwa sauti ambayo hata ufagio haukuisikia, wanakwenda wapi. Wakamwambia wanaivuka nchi nzima kwa miguu, kutoka mpaka hadi mpaka, kwa ajili ya watoto walio tumboni ambao watu wanasema wasizaliwe.

Kiguu alijua habari hiyo. Mama alipokuwa na mimba yake, mjomba alisema itolewe, mwenye nyumba alisema itolewe, na baba wa mtoto ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Mama akafunga virago, akahama mji, akahama tena. "Ndiyo maana hutulii," alimwambia siku moja huku akimsuka. "Nilitembea nawe miezi yote tisa."

Kiguu akauegemeza ufagio ukutani, akaingia kwenye mstari.

Jioni alimpigia mama simu. "Umeacha kazi ya watu tena?" mama akauliza.

"Nimeacha, mama. Natembea na watu wa fulana."

Mama akaguna. "Haya. Angalau umepata kazi inayotaka miguu."

Kiongozi wao aliitwa Dereva. Aliendesha malori mpaka alipostaafu, na sasa hakugusa usukani kabisa. Pikapu iliyobeba maji na magodoro iliendeshwa na mkewe. "Dereva anatembea, mke anaendesha," mkewe alipenda kusema, "dunia imekaa sawa." Dereva alikuwa na kanuni chache, lakini alizishika kama usukani. Atembeaye hapandi gari. Mmoja akichoka, anamvisha mwenzake vile viatu, mkono kwa mkono. Na viatu havigusi chini mpaka wafike mpaka wa pili wa nchi.

"Mtoto huyu bado hajakanyaga ardhi," alisema. "Basi na viatu vyake visikanyage kwanza."

Tena hawakubishana na mtu. Wakitukanwa walipita, wakishangiliwa walipita, wakiombwa waombe waliomba na kupita. Kiguu aliona kama kanuni hiyo ameandikiwa yeye. Alipewa fulana na begi, akatembea zamu yake na ya mwenzake, na usiku alipolala miguu yake iliendelea kusogea chini ya shuka.

Sasa siku moja, wakiwa pembeni mwa mji fulani, yeye ndiye aliyevaa viatu, na wenzake wamemtangulia kumngoja mbele. Mkanda wa begi lake ukakatika. Akaona kibao ukutani: FUNDI CHEREHANI. Akapiga hodi.

"Karibu, ingia tu," sauti ikajibu. "Mimi siinuki."

Kilikuwa chumba kimoja. Cherehani cha kukanyaga kilifunikwa kitambaa, na pembeni yake rundo la vitambaa vya sare za shule lilifika kimo cha mtoto. Kitandani alilala mwanamke mwenye tumbo lililoanza kuonekana. Kitanda chenyewe kilikuwa kimewekewa matofali upande wa miguuni, kwa hiyo miguu ilikuwa juu na kichwa chini.

"Pole, dada. Unaumwa?"

"Siumwi. Nimeshonwa." Fundi akacheka peke yake. "Fundi naye kashonwa! Mlango wa kizazi ni mlegevu, wameutia uzi ili mtoto asidondoke. Wawili walishadondoka. Huyu wameniambia nimlalie hivi hivi, miguu juu kama kuku wa sokoni, mpaka siku zitimie. Lete huo mkanda."

Akatoa sindano kwenye mto, akashona akiwa chali, mikono hewani. Kiguu akasimama, akaenda dirishani, akarudi, akaenda mlangoni.

"Kaa basi, mdogo wangu. Unapanda na kushuka kama sindano."

"Niko sawa."

Fundi akasoma fulana yake alipogeuka. "Mwacheni azaliwe," akasema polepole. "Mimi nimemwacha. Lakini maji nani anachota? Mwenzangu aliondoka, naona alichoka kungoja. Wenye sare zao wanagonga mlango kila siku. Shangazi yangu anasema kesho twende uzi ukakatwe. Anasema hiyo si kutoa, ni kuacha mambo yajiendee."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimechoka. Nimekubali nusu."

"Nusu?"

"Nusu nyingine iko humu ndani, inapiga mateke."

Kiguu alitaka kusema jambo. Akavua vile viatu shingoni, akampa. "Hivi havigusi chini," akasema. "Tunavibeba mpaka mwisho wa nchi. Bila hivi safari haiendi."

Fundi akaviweka juu ya tumbo, kimoja kulia, kingine kushoto, akavitazama vikipanda na kushuka kwa pumzi yake. Ndipo honi ya pikapu ikalia mara mbili kule mbele, ishara kwamba mpokeaji wa zamu anangoja. Miguu ya Kiguu ikawaka moto.

"Tutakuombea, dada," akasema, akanyakua begi, na alipomaliza kusema alikuwa keshafika barabarani. Alimaanisha. Lakini aliyasema akiwa amempa mgongo.

Mpokeaji zamu alikuwa muuza mitumba, mama mnene mcheshi. Alinyoosha mikono yote miwili. "Haya, nivishe mwanangu."

Kiguu akapeleka mkono kifuani. Akapapasa shingo. Akapapasa begi, ingawa alijua.

"Usiniambie," akasema muuza mitumba.

Dereva akakaa juu ya jiwe. Tangu waanze safari hakuna aliyemwona amekaa kabla ya jioni. "Umeviweka chini?"

"Nimempa mtu ashike. Mjamzito. Amelala."

"Kama amelala, vipo salama. Vifuate. Kwa miguu, wewe bado uko kwenye zamu."

Kiguu akarudi mbio njia aliyojia. Mke wa Dereva, ambaye hakuwa na kanuni, akageuza pikapu akamfuata taratibu kwa nyuma.

Hakufika kwenye kile chumba. Alimkuta Fundi barabarani, pekupeku, shuka kiunoni, anatembea kwa hatua za kunyata, mkono mmoja umeshika tumbo na mwingine umeinuliwa juu ya kichwa. Viatu vyekundu vilikuwa vinaning'inia kwenye mkono huo, mbali kabisa na ardhi.

"Umevisahau," Fundi akasema, huku anahema. "Nikasema safari ya watu isije ikakwama kwa ajili yangu."

"Dada, si umekatazwa kuinuka!"

"Nimeita, hukusikia. Na umesema visiguse chini, ningekutupiaje?" Akatabasamu, kisha tabasamu likakatika. Akainama. "Ngoja. Kuna kitu kinateremka. Ni damu, mdogo wangu."

Kiguu, ambaye sauti yake haikuwahi kuvuka meza, akapiga ukelele uliotoa watu madukani. Pikapu ikafika. Wakamlaza Fundi juu ya magodoro ya watembeaji, na Kiguu akapanda naye, akampakata miguu yake na kuishikilia juu. Kanuni ya kutopanda gari haikumjia akilini hata kwa bahati mbaya.

Hospitali ilikuwa ndogo, yenye ukumbi mmoja mrefu na mabenchi. Kiguu aliupima ule ukumbi kwa miguu, ukuta hadi ukuta, mpaka mfagizi akamwambia, "Binti, utaitoboa sakafu." Dereva na wenzake walifika wakiwa wamekunja nyuso. Halafu akafika shangazi, mwanamke mrefu mwenye mkoba kwapani, anauza mbogamboga sokoni na bado ana majani ya mchicha kwenye sketi.

Nesi akatoka. "Uzi umeshika," akasema. "Umeshika kwa kudra tu. Damu imekatika na mtoto anacheza. Lakini akiinuka tena hivi, asitegemee uzi. Nani yuko naye nyumbani?"

Watu wakamgeukia shangazi.

"Hakuna," shangazi akajibu. "Nina soko, nina mjukuu mgonjwa. Nikasema mapema uzi ukatwe, mkaniona mchawi. Nimemzikia huyu mimba mbili kwa mikono yangu. Ya tatu sina nguvu nayo." Akawageukia wenye fulana. "Na nyinyi je? Mnampigania mtoto wa barabara nzima. Huyu mmoja nani atamchotea maji? Mtapita, si ndiyo? Kupita ni kazi nyepesi."

Dereva akatazama ndala zake.

"Nitakaa mimi," Kiguu akasema.

Wakageuka kumtafuta aliyesema. Mke wa Dereva hakuweza kujizuia, akacheka. "Wewe? Mwanangu, wewe hata chai unainywa umesimama!"

"Huyu?" shangazi akasema. "Tazama miguu yake. Hata sasa hivi inaondoka."

Ilikuwa kweli. Kiguu akaukanyaga mmoja kwa mwingine.

Sauti ya Fundi ikatoka ndani, dhaifu lakini ina kicheko. "Shangazi, mpe basi hata siku mbili."

Shangazi akashusha pumzi. "Keshokutwa nitapita. Nikikuta mlango wazi na mgonjwa peke yake, tunakuja hapa kukata uzi, na asinifuate mtu na maandishi yake mgongoni. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," Fundi akajibu kutoka ndani, na safari hii hakucheka.

Kiguu akavivisha viatu shingoni mwa Dereva, mkono kwa mkono. Mzee akamtazama. "Una hakika, binti?"

"Sina, mzee."

"Haya," akasema. "Sisi tunaendelea." Nao wakaendelea, na Kiguu akabaki akisikia ndala zao zikipungua sauti.

Siku ya kwanza, Fundi aliporudishwa kitandani kwake, Kiguu alifagia chumba mpaka Fundi akamwambia aibakishie sakafu saruji yake. Alipika, akaosha vyombo visivyo vichafu, akapanga vifungo kwa rangi, akavipanga tena kwa ukubwa. Akikaa, goti lilitikisika na kitanda kikatikisika nalo. "Mtoto atadhani yuko kwenye treni," Fundi akasema. Usingizini Kiguu alipiga teke ukuta.

Keshokutwa yake asubuhi alichukua ndoo akaenda bombani. Foleni haikuwa imeanza kusogea, na bomba lilikuwa hatua chache kutoka barabara kuu. Alisimama. Miguu haikusimama. Akasema ajinyooshe kidogo mpaka dukani. Dukani akasema mpaka kwenye daraja. Jua lilikuwa bado changa, upepo unatoka mbele, na kila hatua ilimtoa kifuani kitu kizito. Akavuka daraja. Aliwaza watembeaji watakuwa wamelala mji gani, akaongeza mwendo. Hakuna aliyemwita. Hakukuwa na sauti nyingine ila mkono wa ndoo, ukilia kwii, kwii, kwii.

Alitembea muda mrefu kabla ya kuusikia ule mkono wa ndoo. Kisha akautazama. Ndoo tupu. Nani anakwenda mpakani na ndoo? Na mlango, je, aliufunga? Akajiona alivyotoka, mlango umebaki wazi ili Fundi apate hewa. Akageuka. Miguu ile ile iliyomtoa ndiyo iliyomrudisha, mbio, ndoo inampiga gotini.

Shangazi alikuwa amekwisha fika. Alisimama katikati ya chumba, mkoba kwapani, na Fundi alikuwa amekaa kitandani, shuka limekunjwa, kama mtu anayeambiwa ajiandae.

"Nimekuta mlango wazi," shangazi akasema.

"Foleni, shangazi," Fundi akadakia haraka. "Leo foleni ya maji haina mwisho. Ningekwambia hata kabla hujavua viatu."

Shangazi aliitazama ndoo, kavu mpaka chini. Akatazama miguu ya Kiguu, yenye vumbi jekundu ambalo hapa mtaani halipo, lipo ng'ambo ya daraja. Kiguu alijua kwamba neno moja la uongo lingetosha, maana Fundi alishamtengenezea. Akatazama vidole vyake.

"Sikuwa kwenye foleni," akasema. "Nilikuwa naondoka. Nimevuka daraja. Halafu nimerudi."

Fundi akafumba macho. Nje mtu alipita anauza mkaa, akaita, akapita.

"Umerudi," shangazi akasema.

"Nimerudi."

"Na ndoo tupu."

"Ndiyo, shangazi."

Shangazi akaweka mkoba juu ya rundo la sare. "Unajua mume wa huyu aliondokaje? Alichukua ndoo. Akasema anakwenda bombani. Mpaka leo anachota." Akaipokea ndoo mkononi mwa Kiguu. "Lete hapa. Mlaze mgonjwa vizuri, hiyo miguu iko chini. Foleni naiweza mimi, wananiogopa."

Akatoka. Wote wawili wakasikiliza mpaka sauti yake iliposikika bombani ikiwapanga watu. Ndipo Fundi akaanza kucheka, kisha akalia, na Kiguu akamlaza, akapanda kuketi miguuni pake.

Hatusemi kwamba tangu siku hiyo Kiguu alitulia. Angetulia vipi? Bali kilipatikana kitu cha kuishughulisha miguu. Mwenye sare mmoja alikuja kufoka, na Kiguu kwa woga akajificha nyuma ya cherehani, akakaa kwenye kigoda, mguu ukaangukia kikanyagio. Gurudumu likazunguka. Akakanyaga tena. Fundi akainua kichwa. "Heee! Weka mwingine hapo. Taratibu. Usikimbie, unashona, huendi popote." Lakini yeye alikwenda. Alikwenda kutwa nzima, kiguu juu, kiguu chini, na nguo ikatoka upande wa pili. Shati la kwanza lilikuwa na mkono mmoja uliogeuzwa nje ndani. Fundi akasema mwanafunzi atakayelivaa atafaa kuwa askari wa barabarani, mkono wake utaonekana toka mbali. La tatu lilivalika.

Basi wakaishi hivyo, mmoja kalala anaelekeza, mwingine kakaa anakanyaga, na tumbo likapanda kama unga uliotiwa hamira. Shangazi alikuja na mchicha na maneno makali. Neno uzi hakulitaja tena.

Dereva alipiga simu siku walipofika. Nyuma yake watu walikuwa wanaimba. "Tumeviweka chini," akasema, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Juu ya mstari wenyewe wa mpaka. Kila mtu amevua viatu." Kiguu alisikiliza mguu ukiwa juu ya kikanyagio. Alipokata simu alishona mshono mrefu usio wa kitu chochote, ikabidi aufumue. Siku chache baadaye dereva wa lori aliyekuwa rafiki wa mzee akashusha bahasha. Ndani yake viatu vyekundu, na nyayo zake zina udongo. Fundi akakataza kuvifua. Wakavitundika kwenye msumari.

Siku zilipotimia, nesi aliukata uzi kwa mkasi mdogo na kusema, "Haya mama. Ulilala vya kutosha. Sasa tembea, mtoto ashuke."

Fundi akamtazama Kiguu. "Umesikia? Wamekuruhusu."

Wakatembea ukumbini, ule ule, ukuta hadi ukuta. Fundi alikuwa amesahau kutembea. Uchungu ulikuja ukaondoka. Kila ulipokuja alimng'ang'ania Kiguu shingoni, mahali vilipokuwa vinakaa viatu.

"Sitaki tena. Nimefika."

"Bado, dada. Mpaka mlango ule."

"Tukifika mlango ule?"

"Tunageuka."

"Wewe una roho mbaya," Fundi akasema, akainua mguu.

Mtoto alizaliwa akiwa wa kike, mzima, mwenye sauti ya shangazi. Shangazi mwenyewe alileta viatu, akavipiga-piga kutoa udongo, akajaribu kumvisha. Havikuingia. Akavuta, akasukuma, akasonya. "Miguu gani hii? Huyu kazaliwa tayari kwa safari." Kimoja kikaingia nusu kwenye vidole. Mtoto akapiga teke, kiatu kikaruka, kikaanguka sakafuni.

Kiguu akainama haraka kukiokota. Kisha akakumbuka kwamba safari imekwisha, akakiacha pale pale, akakaa.